Ampu ya gari: uliza omu kwanza, wati baadae

Wakuu, kila mara naulizwa ninunue ampu gani, yaani kile kifaa cha kukuza sauti, ya kwenye IST au Vitz, na mi huwa narudisha swali, sabufa yako, ile spika ya besi, ina omu ngapi? Wengi hapo wanakwama, wanajua wati tu, tena zile zilizoandikwa kwenye boksi kwa rangi ya moto. Ila ampu nyingi nilizoona zimeungua, ziliungua kwa omu.

Iko hivi, omu ni jinsi spika inavyoubania umeme. Ya omu 4 inabana, ya omu 2 inabana nusu yake, kwa hiyo umeme unapita mara mbili. Ampu inayotoa volti 20 inakupa wati 100 kwenye omu 4, ukishuka omu 2 unapata 200, omu 1 hesabu inakwambia 400. Hapo ndo tamaa inaingia, maana ampu kibao mwisho wake ni omu 2, ukishuka chini ya hapo transista, vile vipande vinavyosukuma umeme ndani ya ampu, zinachemka mpaka zinakufa.

Yalishanikuta. Nilinunua sabufa ya koili mbili, yaani nyuzi mbili za kuiendesha, kila moja omu 4 (4 na 4), fundi akaunga chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, yaani paraleli, ikawa omu 2, afu akaibriji kwenye ampu yangu ya chaneli 2, yaani njia zote mbili za kutolea sauti zikasukuma sabufa moja. Ilipiga balaa! Ambacho hatukusoma, si mi wala yeye, ni maandishi madogo pale pa kuchomekea waya, kwamba ukibriji mwisho ni omu 4. Ukibriji, kila chaneli inaona nusu ya mzigo, kwa hiyo ile omu 2 yangu kila chaneli iliiona kama omu 1. Siku ya tatu niko kwenye foleni ya Kimara, sabufa ikakata, ikarudi, ikakata tena, harufu ya plastiki inakuja kutoka nyuma. Kufungua buti taa nyekundu ya protekti, ile ya ampu kujikinga, inawaka, nikaigusa ampu nikarudisha mkono kama nimeshika pasi.

Sasa ningekuwa nanunua leo, ya kwanza ningechukua ampu ya chaneli 4. Chaneli mbili zinaendesha spika za milango ya mbele, mbili zilizobaki unabriji sabufa. Hapo tafuta sabufa ya koili mbili za 2 na 2 uziunge siriesi, hasi ya koili moja iingie kwenye chanya ya mwenzake, unapata omu 4, au chukua tu ya koili moja ya omu 4. Ampu inayobeba omu 2 kwa chaneli kwa kawaida inabeba omu 4 kwenye briji, ila soma kwenye ampu yenyewe, usiniamini mimi wala muuzaji.

Ya pili ni mono, yaani ya chaneli moja, ya klasi D, aina ya ampu isiyopoteza umeme mwingi, hii ni kwa wale wa besi hasa. Nunua inayobeba omu 1 afu uitumie kwenye omu 2, yaani sabufa moja ya 4 na 4 paraleli, inabaki na nafasi ya kupumua na haichemki ovyo. Klasi D inafikisha kama asilimia 80 ya umeme kwenye spika, wakati klasi AB, aina ile ya zamani, inahangaika kwenye 50 au 60, kingine chote ni joto. Sabufa mbili za 4 na 4 ukiunga koili zote paraleli unafika omu 1, ampu itabeba lakini kwenye gari dogo taa zitakuwa zinapepesa kila besi ikigonga, mi siungi. Na mbili za 2 na 2 zote paraleli ni nusu omu, hiyo acha kabisa.

Ya tatu, ile sabufa ya chini ya siti yenye ampu yake ndani. Besi ya adabu, haitikisi vioo, ila mambo ya omu kiwandani walishamaliza. Ya nne ni ampu ya mtumba ya chaneli 2, zile nzito za zamani, nzuri ukiipata nzima.

Ya mwisho kabisa ni boksi la "wati 3000" la bei chee. Ligeuze uangalie fyuzi. Kama ni moja ya 20, zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 276 na huo ni umeme unaoingia, kwa klasi AB unatoka kama 150. Hizo 3000 zinatoka wapi? Angalia RMS, yaani wati za kweli inazotoa mfululizo, na ukiona CEA-2006, kipimo cha pamoja cha wati za ampu, ujue walipima kwa omu 4 na volti 14.4.

Redio nayo hivohivo. Gari za Japani FM inaanzia 76 na haifiki juu kwenye stesheni zetu nyingi, ndo maana wengi tunabadili redio, mpya inakuja imeandikwa 50 mara 4 kumbe halisi ni 15 mpaka 20 hivi kwa chaneli, afu mtu anaunga spika mbili za omu 4 kwenye chaneli moja. Usifanye.

Waya wa betri ukwangue na wembe, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, chukua unene wa juu yake. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri.

Na beba multimita. Sabufa ya omu 4 itasoma kama 3.2 mpaka 3.8, hiyo ni kawaida, ila ikisoma sifuri au isiposoma kabisa mrudishie mwenye duka. Fundi akimaliza kuunga, kabla hajachomeka waya za sabufa kwenye ampu, pima pale kwenye ncha zake. Kama mlipanga omu 4 na mita inakwambia 1.8, asiwashe kitu, arudi nyuma ya sanduku aunge upya.