Kipimo cha radoni cha mkaa: kinafaa, ila majibu yake yasomwe kwa makini

Kwa familia zinazoishi Des Moines na miji mingine ya jimbo la Iowa, ambako orofa ya chini ya ardhi hutumiwa kufulia, kuchezea watoto na mara nyingi kulaza wageni, kipimo cha radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, ni miongoni mwa vitu vichache vya bei nafuu ambavyo ningeshauri vinunuliwe hata kabla ya zulia. Nilichotumia ni kile cha mkaa, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi: kikopo bapa chenye mkaa maalumu unaonasa gesi, fomu fupi ya kujaza na bahasha ya kukirudisha maabara.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Huzalishwa ardhini kutokana na urani iliyomo kwenye miamba na udongo, kisha hupenya ndani kupitia nyufa za sakafu, maungio ya kuta na shimo la pampu ya maji. Na majira ya baridi, hewa yenye joto inapopanda na kutokea juu ya nyumba, huivuta kwa nguvu zaidi kutoka chini. Inapovunjika huacha chembe ambazo mtu akizivuta hunata mapafuni na kutoa mionzi ya alfa. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA) linakadiria kwamba radoni husababisha vifo takriban 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini humo, ikitanguliwa na sigara tu, na kwa anayevuta sigara hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kaunti zote 99 za Iowa zimo katika kundi la hatari ya juu kabisa.

Anayedhani kwamba angeitambua mwenyewe amkumbuke Stanley Watras, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, ambaye mwaka 1984 alikuwa akiviamsha vyombo vya kugundua mionzi kazini ilhali mtambo wenyewe ulikuwa haujaanza kuzalisha umeme. Mionzi ilitoka nyumbani kwake, ambako kulipatikana takriban pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 2,700 kwa lita ya hewa.

Matumizi ya kikopo ni rahisi, lakini yanadai nidhamu. Madirisha na milango ya nje hufungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na kubaki hivyo hadi mwisho, isipokuwa kwa kupita; kikopo huwekwa katika orofa ya chini kabisa inayotumika, angalau nusu mita juu ya sakafu, mbali na jiko, bafu na mashine ya kufulia, kwa kuwa mkaa hunyonya pia unyevu. Baada ya muda uliotajwa kwenye maelekezo huzibwa na kutumwa mara moja. Nusu ya radoni iliyonaswa hutoweka katika siku 3.8, kwa hiyo anayekipeleka posta Ijumaa jioni anaharibu kipimo chake mwenyewe. Maelekezo hayo yote yalikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno, na ada ya maabara, ambayo haikuwa ndani ya bei ya dukani, ilitajwa kwenye karatasi ya ndani tu. Hilo halikunipendeza.

Kasoro kubwa zaidi imo kwenye majibu. Yangu yalikuja na 3.6, pembeni pakiwa na alama ya kijani, kwa sababu EPA hushauri nyumba irekebishwe kuanzia pikokyuri 4 kwa lita. Hata hivyo, shirika hilohilo linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama na kwamba kati ya 2 na 4 mtu afikirie marekebisho, nalo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi bekereli (kizio kingine cha mionzi) 100 kwa mita moja ya ujazo, yaani pikokyuri 2.7 hivi. Alama ya kijani inamlaza mtu usingizi pale anapopaswa kuuliza zaidi.

Kwa majibu kama yangu, hatua inayofuata ni kipimo cha muda mrefu kinachokaa zaidi ya siku 90, kwani radoni hupanda na kushuka kufuatana na hali ya hewa. Yakizidi 4, kipimo cha pili kifanywe upesi, na mpangaji ampelekee mwenye nyumba nakala ya maabara kwa maandishi. Kufungua madirisha ni nafuu ya muda. Tiba ya kudumu ni bomba linalofyonza hewa chini ya sakafu na feni ya kuitoa juu ya paa, kazi ya fundi aliyeidhinishwa. Kikopo chenyewe nakipa nyota 4 kati ya 5.