Kisukari aina ya kwanza na aina ya pili: insulini ina nafasi gani?

Jina ni moja, lakini haya ni magonjwa mawili. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli za mwili, hadi karibu zote zinakwisha. Mgonjwa, mara nyingi mtoto au kijana, hukonda ghafla, hukojoa sana na kiu haimwishi. Kwake sindano ya insulini ndiyo uhai wenyewe. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, kuugua hivi kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Leo wengi hutumia insulini za namna mbili: ya muda mrefu, inayofanya kazi takribani siku nzima, na ya haraka, inayochomwa wakati wa kula. Akiziacha, hata kwa siku chache tu, damu hujaa asidi na anaweza kufa.

Aina ya pili, yenye zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, huja polepole. Insulini ipo, ila mwili hauiitikii ipasavyo. Matibabu huanza na mlo, mazoezi na vidonge, hasa metformini. Miaka ikipita kongosho huchoka, na baadhi huongezewa insulini, kwa kawaida ile ya muda mrefu, mara moja kwa siku. Inaniuma kuona watu wakiikataa kwa kudhani kwamba mwisho wao umefika. Sivyo hata kidogo.

Anayetumia insulini, wa aina yoyote, ajihadhari na sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akiwa na fahamu, anywe kitu chenye sukari papo hapo.