Lugalo juu ya meza ya kulia: uzoefu wangu na vijisanamu vya vita

Ukitafuta vijisanamu vya vita vya Afrika vya karne ya 19, maduka mengi ya mtandaoni yatakupa Wazulu, kisha Wazulu tena. Mimi ni mtu wa Iringa, nilikuwa nataka Lugalo, pale Wahehe wa chifu Mkwawa walipoushinda msafara wa Wajerumani mwaka 1891. Nikaagiza maboksi matatu ya Wazulu, kila moja vijisanamu 40 vya milimita 28, boksi moja la askari wa Kijerumani, na kitabu cha sheria za mchezo. Mzigo ulipofika Posta, laki nne na ushee zilikuwa zimekwenda, ushuru ukiwemo. Shemeji yenu bado anaulizia.

Plastiki yenyewe ni nzuri. Mikuki ni myembamba lakini haikukatika, na ngao zimekuja mbalimbali, unabandika mwenyewe kwa gundi. Wazulu kuwa Wahehe si uongo mkubwa sana: Wahehe nao walijifunza mengi ya vita kutoka kwa Wangoni na Wasangu. Manyoya ya kichwani niliyakata kwa wembe, vidole viwili vikaumia. Boksi la Wajerumani ndilo lililoniudhi. Dukani limeandikwa ni la vita vya kikoloni, ukilifungua unakuta sare za 1914, miaka 23 baada ya Lugalo. Halafu hakuna punda hata mmoja!

Punda si pambo hapa. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, ambaye watu walimbatiza Nyundo, alikuwa akipita Uhehe na askari wapatao 320 pamoja na wapagazi. (Ndiye huyohuyo aliyekuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani Pangani mwaka 1888 ghasia zilipolipuka, kwa hiyo ubabe hakuuanzia kwetu.) Msafara ulinyooka mmoja nyuma ya mwingine, mizinga ikiwa mzigoni juu ya punda. Wahehe kama 3,000 wa Mkwawa, wakiongozwa na ndugu yake Mpangile, walikuwa wamejilaza vichakani. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga ndege risasi, na mlio huo ukawafumua Wahehe mafichoni. Hata robo saa haikufika, kazi imekwisha na Zelewski amelala na mkuki. Kwa hiyo ukiniuzia Lugalo bila punda umeniuzia kitu kingine. Mpwa wangu alitufinyangia sita wa udongo. Wanafanana na mbuzi, lakini wamebeba mizinga.

Nchi tuliijenga kwa plaiwudi na unga wa mbao uliopakwa rangi ya majani makavu, vichaka vikawa sponji la godoro kuukuu. Kijisanamu kimoja tulikihesabu watu 20: askari 16, Wahehe 150. Nilikuwa na 120 tu, pengo nikaliziba kwa kete za bao.

Mchezo wa kwanza tulifuata kitabu neno kwa neno. Aibu tupu. Kitabu kinaipa bunduki inchi 24 na Mhehe anatembea inchi 8 kwa zamu, na kila mtu anaonekana mezani tangu mwanzo. Mjomba, aliyemshika Mpangile, alipoteza nusu ya watu kabla hajamgusa askari hata mmoja. Akaweka dadu chini, akasema, "Hawa wazungu wako wameshaambiwa tupo wapi." Akaenda kunywa chai.

Alikuwa amegusa palepale. Kitabu kinadhani vita ni watu wawili kutazamana uwanjani. Hakina neno hata moja la kujificha, wala la msafara uliokutwa njiani.

Jumapili iliyofuata tukaibadili sheria. Wahehe wote wakawa kete za bao chini ya vichaka, nyingine za kweli, nyingine tupu, na mwenye Wajerumani hajui ipi ni ipi. Kikosi kilichomo kwenye msafara hakipigi risasi mpaka dadu lake liangukie 5 au 6, maana askari anatoka kwenye foleni ya wapagazi na punda waliotaharuki. Mizinga haifyatuki kabla ya zamu mbili za kuishusha. Na kila zamu Mjerumani anarusha dadu lingine: likija 1, ofisa amemwona ndege.

Lilikuja kwenye zamu ya tatu. Mjomba aliruka kitini. Alifunua vichaka pande zote mbili, na kufikia zamu ya tano aliyebaki amesimama ni ofisa wa Kijerumani Tettenborn tu na watu wake wachache wa nyuma, ambaye hata siku ile alinusurika. Dakika 50 mezani. Tulirudia tukiwa tumebadilishana pande. Nilikuwa Zelewski mimi, nikajua kila kitu, na bado nikafa.

Vijisanamu navipa nyota nne, kitabu mbili, na ya pili ni ya ukarimu. Ukiwa na pesa kidogo nunua boksi moja tu la mikuki, kitabu kiache, na vichaka vitengeneze vingi kuliko unavyodhani vinatosha. Sasa naitaka Kalenga ya 1894, Wajerumani walipoibomoa ngome ya Mkwawa. Dukani kuta walizonazo ni za majumba ya Ulaya, kwa hiyo mpwa ameshaanza kukanda udongo.