Tulilipia fungate Istanbul, tukapewa vitanda viwili

Hebu chukulia umetoka Nairobi na ndege ya alfajiri, hujalala, umeolewa hata wiki mbili hazijaisha, hina bado iko mkononi, unafungua mlango wa rumu ya hoteli unaona vitanda viwili. Viwili! Vya mtu mmoja mmoja kama vya bweni, katikati kuna kameza kadogo na taa na nafasi ya kupitisha ndoo. Juu ya kila kitanda kuna bata maji wa taulo, mmoja huku mwingine kule, wamepeana mgongo kama watu walionuniana. Hata petali za waridi walikuwa wamemwaga, tena kwa haki kabisa, kiganja kimoja kitanda hiki, kiganja kimoja kile.

Bwanangu akasimama mlangoni na sanduku akaangalia weee, halafu akasema, "Labda hiki kingine ni cha mzigo."

Sikucheka. Sasa hivi nikiandika nacheka kidogo, siku hiyo sikucheka.

Na msiniambie ati ni kitu kidogo. Nilienda mwenyewe kwa ofisi ya wakala wa safari aliyetuuzia hii fungate, hapo tauni Nairobi, nikapanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, nikakaa kwa kiti nikamwambia yule kijana mbele ya bwanangu, kitanda kimoja, kikubwa. Akaandika. Nilimwona na macho yangu akiandika! Akaniambia, "Dadangu, hiyo tuachie sisi, fungate tunafanya kila wiki." Na hela zenyewe si za mchezo, ni zile zilizobaki kwa kamati ya harusi na zamu yangu ya chama ambayo ilibidi nibembeleze mama mmoja tubadilishane, kwa hivyo kuna mtu Donholm alingoja hela yake miezi mitatu ili mimi nikalale kitanda cha bweni Uturuki.

Nikapiga picha vitanda nikamtumia yule kijana wa wakala kwa wasapu. Tiki mbili, zikawa bluu. Jibu likaja neno moja, "Imepokelewa," na ile mikono ya kuomba. Imepokelewa na nani? Kwani nimetuma barua kwa chifu?

Nikashuka risepsheni. Kuna kijana wa miraba minne, Kiingereza chake na changu hakuna aliyemzidi mwenzake, ananiambia "Merhaba." Mimi nimelelewa nikijua marahaba ni jibu la shikamoo, nikaona huyu amejijibu salamu ambayo sijampa. Nikamweleza. Akaangalia kompyuta, akainua vidole vitano, akasema "Beş dakika." Hilo beş sikulijua lakini vidole vitano nimeviona na dakika nimeisikia vizuri kabisa. Kumbe wana dakika! Baadaye nikaja kugundua wana mengi, saa ni saat, sabuni ni sabun, kitabu ni kitap, na ukimaliza kula ukitaka bili unaitisha hesap, yaani hesabu. Sisi na wao tulikopa kwa Mwarabu mmoja. Ukienda jua hilo neno hesap, litakusaidia kuliko ile programu ya kutafsiri, na ikija isome mstari kwa mstari kwa sababu sehemu zingine za watalii mkate na maji uliyowekewa bila kuitisha viko humo ndani.

Lakini dakika za huyo kijana ni zile za fundi wa nguo ukimuuliza kama gauni itakuwa tayari Jumamosi. Dakika tano zikafika saa mbili usiku. Tukaamua kusukuma vitanda tuviunganishe wenyewe.

Vitanda vilikuwa na magurudumu. Sijui nani alitengeneza kitanda chenye magurudumu akakiweka kwa sakafu ya mbao iliyopigwa polishi, huyo mtu hajaoa. Ukivisukuma vinashikana vizuri, ukigeuka tu vinaachana polepole kama mashua mbili. Kama saa nane hivi usiku nikasikia tuh! Bwanangu ameingia kwa ule mtaro wa katikati, mkono mmoja umeshika shuka yangu, mguu hauonekani. Na mimi badala ya kumwokoa nikaanza kulia, si kwa huruma, kwa hasira ya yule kijana na "imepokelewa" yake.

Ndipo nikakumbuka leso, wengine mnaita khanga. Shangazi yangu wa Mombasa alikuwa amenipa leso za harusi, nyekundu na nyeusi, imeandikwa *Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika*, na aliniambia, "Mwanangu, usisafiri bila leso, leso ni kila kitu." Zilikuwa bado hazijakatwa, nikakata na kamkasi ka kucha. Moja bwanangu akaichukua akafunga mguu wa kitanda changu na mguu wa kitanda chake na lile fundo la kufungia mbuzi, yeye ni mtu wa Makueni, mbuzi anazijua. Vikashika. Tukalala.

Kwa hivyo mpaka hapo ni nyota moja, na hiyo moja ni ya shangazi.

Mji sasa. Istanbul ni mji mtamu sana jamani na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu huwezi kukasirika vizuri. Kwanza saa ni ile ile ya Nairobi, hubadilishi kitu, kwa hivyo usingizi hausumbuki (kama una kitanda). Uwanja wa ndege uko mbali na mji, hesabu kama kutoka tauni hadi Thika, na usichukue teksi ya kwanza inayokuita, kuna mabasi ya uwanja. Nunueni ile kadi ya usafiri inaitwa Istanbulkart, moja tu, mnagonga mara mbili inawabeba wote wawili kwa tremu na kwa feri. Sisi tulinunua mbili siku ya kwanza kwa ushamba.

Msikiti wa Buluu kuingia ni bure, ni ule wenye minara sita, lakini wanawake lazima wafunike kichwa na kuna foleni ya kuazima mitandio. Mimi nikapita kando ya foleni na leso ya pili kichwani kama mama wa harusi. Bebeni mfuko wa viatu. Msiende saa ya swala, na Ijumaa asubuhi msijisumbue. Kasri ya Topkapı hufungwa Jumanne, lile soko kubwa la zamani lenye paa hufungwa Jumapili, sisi bila shaka tulifika sokoni Jumapili, hiyo ni makosa yetu sitamlaumu mtu. Sawa, nitamlaumu wakala kidogo, karatasi ya ratiba aliiandika yeye.

Hagia Sophia mtalii analipa, tulipoenda ilikuwa euro 25 kwa kila kichwa, na unapelekwa ile roshani ya juu, chini ni kwa wanaoswali. Hilo jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, 1453 likafanywa msikiti, miaka ya 1930 likageuzwa makumbusho, 2020 likarudi msikiti. Nilisimama pale juu naangalia ile kuba nikawaza, jengo la mawe la miaka karibu 1500 limebadilishwa kazi mara zote hizo na halijalalamika, na mtu ameshindwa kubadilisha kitanda.

Karibu na hapo kuna birika la maji la chini ya ardhi, wanaliita Yerebatan, lina nguzo 336 na giza zuri na maji yanadondoka. Huko nyuma kabisa kuna nguzo mbili zimesimamishwa juu ya vichwa vya Medusa, kimoja kimepinduliwa miguu juu (kama kingekuwa na miguu), kingine kimelala ubavu. Nikamwonyesha bwanangu yule wa ubavu nikamwambia huyu ni wewe jana usiku. Hapo tulicheka sana, mpaka mama mmoja Mzungu akatuangalia vibaya.

Lakini kama utafanya kitu kimoja tu, panda feri pale Eminönü uende Üsküdar ama Kadıköy. Unatoka Ulaya unaingia Asia kwa muda wa kumaliza chai, unalipa na kadi ile ile ya tremu. Ni kama feri ya Likoni kule Mombasa tu ila una kiti, na kuna mtu anapita na chai kwa vigilasi vyenye kiuno. Chai haina maziwa. Nilimuuliza yule baba maziwa nikafanya na ishara ya kukamua ng'ombe, akanihurumia. Mkate wao wa duara wa ufuta, unaitwa simit, unakula nusu, nusu nyingine unawarushia ndege wa baharini wanafuata feri, na jua linashuka nyuma ya misikiti, adhana inaanza huku na kule inajibizana, bwanangu kanishika bega, kwa hiyo robo saa nilimsamehe wakala. Kweli kabisa. Nilikuwa natoa nyota nne. Ile dina ya melini iliyokuwa kwa pakeji usilipie, feri inapita maji yale yale.

Tukarudi hotelini usiku huo na mimi nimeshajipanga kwa vita. Kufungua mlango, leso iko pale pale imefunga miguu ya vitanda lakini imefungwa upya, si fundo la mbuzi tena, ni fundo safi limekunjwa kama ua. Juu ya magodoro wametandika blanketi moja refu kwa upande, ule mtaro hauonekani. Na wale bata maji! Wamewekwa katikati uso kwa uso, midomo inagusana, shingo zao zimefanya moyo.

Kesho yake nikamvizia. Ni mama mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani, anavuta kitoroli cha mashuka, magoti yanamsumbua nadhani maana alikuwa anatembea akishika ukuta. Nikamwonyesha leso ya kichwani na ya kitandani, nikaweka mkono kifuani. Akaishika leso, akapitisha kidole kwa ule mstari wa maandishi kama mtu anayesoma, akasema "Maşallah." Nikasema mashallah. Hatukuwa na neno lingine na hatukulihitaji. Nilimpa pakiti ya majani ya chai ya Kericho niliyokuwa nimeibeba kwa ajili yangu. Huyo mama nyota tano, sita zikiwepo.

Dakika tano za risepsheni ziliisha siku ya tatu. Ati rumu ya kitanda kikubwa imepatikana. Tukaenda kuiona, iko chini ya ngazi, haina dirisha, inanuka rangi. Tukakataa, tukarudi kwa vitanda vyetu vya leso. Na hapo ndipo nilimfokea yule kijana, nilimfokea kwa Kiswahili kabisa maana Kiingereza kiliniishia, na yeye akanyamaza, akageuza kompyuta yake nione. Bukingi iliyotoka Nairobi. Jina langu, jina la bwanangu, vitanda: viwili. Jina langu limeandikwa hata vizuri, wengi huwa wanalikosea.

Kwa hivyo hoteli haikukosea. Nilimwomba msamaha, akasema hakuna shida. Lakini wee, kama hiyo karatasi ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza si ungenionyesha siku ya kwanza? Kwa hivyo namrudishia nyota zake lakini si zote.

Tulivyorudi nikaenda kwa ofisi, lifti bado imekufa. Yule kijana akaniona akasimama, "Dadangu, karibu, mmependeza, fungate imewakubali." Nikamweka picha ya kompyuta mbele yake. Akaiangalia muda mrefu sana, kama mtu anayetafuta kosa la mwingine ndani yake, halafu akasema ile kitu ambayo mpaka leo nikiosha vyombo nairudia, "Lakini dadangu, si mlilala?"

Si mlilala!

Akatoa ofa ya punguzo tukisafiri tena mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Bwanangu, ambaye ni mtu mpole ajabu, akamuuliza hiyo punguzo ni ya kitanda kimoja ama viwili. Tukatoka. Hela hatujarudishiwa, kila nikiuliza ni imepokelewa, imepokelewa.

Je, nakushauri uende Istanbul? Nenda hata kesho. Na wakala? Nilikuwa nataka kusema labda walikosea mara moja tu, kila mtu hukosea, nikafua ile leso ya kitandani jana nikaona chuma cha kitanda kimeipasua kwenye pindo, mpasuo wa urefu wa kiganja, hapo kando ya maandishi. Leso haiuzwi moja, unauziwa jozi, na nimezunguka maduka ya Biashara Street yote sijapata rangi ile. Shangazi anakuja Nairobi mwezi ujao, na ameshaniuliza kwa simu mara mbili kama naivaa.