Dawa za miezi sita na kliniki ya siku moja: uzoefu wangu

Nilianza ARV, dawa za kufubaza VVU, mwaka 2012 na kwa miaka tisa sikukosa hata tarehe moja. Mwaka 2021 donda la kisukari lilinifanya nikatwe mguu wa kulia, chini ya goti. Kutoka hapo mambo yakabadilika.

CTC yangu ya zamani, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, hapa Dar es Salaam, iko ghorofani. Kliniki ya kisukari iko jengo jingine, na siku zake ni nyingine. Kwa hiyo kila mwezi nilikodi bajaji mara mbili na kupanda ngazi kwa magongo, na dawa za sukari nilinunua mwenyewe. Mwezi mmoja hela ikaisha, uliofuata kidonda kikafumuka. Nikakaa miezi miwili bila ARV. Niliporudi, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watoro na wingi wa virusi ulikuwa umepita 1,000 kwa mililita ya damu, yaani havijafubaa. Nikapewa vikao vya ushauri nasaha kuhusu kukumbuka dawa. Dawa nilikuwa nazikumbuka kila siku! Hakuna aliyeniuliza nimepandaje zile ngazi.

Aliyeuliza ni WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewasaidia wagonjwa wenzake, mama mmoja aliyenifuata hadi nyumbani. Akaona magongo, akanishauri niombe uhamisho kwenda kituo ninachotumia sasa.

Hapa CTC iko chini, na siku yangu ya kisukari ni hiyohiyo ya CTC. Daktari aliweka mafaili yote mawili mezani. Nilikuwa nakunywa miligramu 2,000 za metformini, dawa ya sukari, kwa siku. Akanieleza kwamba dolutegraviri iliyomo kwenye kidonge changu cha ARV huongeza metformini mwilini, akanishusha hadi 1,000. Kuharisha na kichefuchefu vilivyonitesa muda mrefu vikapungua sana. Na mimi nilikuwa nalaumu ARV, nikakaribia kuziacha kwa sababu hiyo. Jamani, kama una kisukari, mwambie daktari wa CTC kila dawa unayokunywa.

Virusi vilipofubaa, wakaanza kunipa ARV za miezi sita: makopo mawili ya vidonge 90. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa chini ya 50. Macho yangu yamepungua nguvu, kwa hiyo mhudumu wa dirisha la dawa hufunga mpira kwenye makopo ya ARV nisiyachanganye na ya sukari. Sikumwomba, aliliona mwenyewe.

Kituo hiki nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu dawa za sukari bado wanatoa za mwezi mmoja, na nazilipia, wakati ARV ni bure. Sasa miezi sita ya ARV inanisaidia nusu tu, maana mguu huuhuu lazima urudi kila mwezi kufuata metformini. Nimewaambia, wamesema wanalishughulikia.

Ukienda na magongo, wahi kabla ya saa mbili asubuhi upate kiti karibu na mlango. Choo chao kina ngazi mbili na hakina pa kushika.