Kitabu cha Gofu kwa Anayeanza: Kipi Ununue Kwanza

Jina kubwa kwenye jalada halimfundishi mtu kushika fimbo. Anayeanza gofu kwenye viwanja vya Uganda kama Kitante, Entebbe au Jinja anahitaji kitabu kinachoanzia shimoni na kurudi nyuma: kusukuma mpira kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), kuchipu, yaani kuurusha mpira kidogo kutoka kando ya grini, pigo la nusu ambalo fimbo haizungushwi yote, na draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, mwisho kabisa. Hicho ndicho kipimo tulichotumia kuvipanga.

Nafasi ya kwanza ni ya mwongozo wa picha wa miaka ya karibuni, hata kama mwandishi wake hajulikani. Ukiwa dukani ruka utangulizi, fungua sura ya mshiko na ya kusimama. Kila hatua iwe na picha mbili, moja ya mchezaji akitazamwa usoni, nyingine ikipigwa kutoka nyuma ya mstari wa kulenga. Picha ya usoni peke yake haikuonyeshi usimame mbali kiasi gani na mpira wala uinamishe mgongo vipi, na makosa mengi ya anayeanza huzaliwa hapo, kabla fimbo haijainuliwa.

Kisha tafuta maelezo ya slaisi, ule mpira unaokatia kulia kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Vitabu vingi vya zamani husema mpira huanza safari kufuata njia ya fimbo. Vipimo vya rada vimeonyesha vingine: mpira huondoka zaidi kuelekea uso wa fimbo unakotazama, halafu hupinda kwa sababu uso na njia havielekei pamoja. Aliyefundishwa vibaya hapa hulenga kushoto zaidi, fimbo nayo inakata kushoto zaidi, na slaisi inazidi. Kitabu cha namna hiyo kirudishe rafuni.

Sura ya sheria nayo hufichua umri. Ikisema mpira uliopotea hutafutwa kwa dakika 5 na mpira unaorudishwa mchezoni kwa kuuangusha huachiwa kutoka usawa wa bega, iliandikwa kabla ya 2019. Sasa ni dakika 3 na usawa wa goti. Mafunzo ya pigo yanaweza kubaki mazuri, ila sura hiyo iruke. Sheria zenyewe usizitolee hata shilingi: R&A (chombo kinachotunga sheria za gofu) inazitoa bure kwenye programu ya simu, toleo la 2023. (Mpira uliotumbukia kwenye nyayo ya kiboko hutaukuta humo. Hiyo ni sheria ya uwanja wa Jinja, na unaruhusiwa kuuondoa bila adhabu.)

Nafasi ya pili tunampa Harvey Penick na Little Red Book yake ya 1992. Mzee huyu wa Texas, aliyewafundisha wachezaji wa kulipwa Ben Crenshaw na Tom Kite, alisisitiza kujifunza kuanzia shimoni. Vipande vyake ni vifupi, unamaliza kadhaa ukiwa kwenye teksi foleni ya Kampala haijasogea. Kimekosa nafasi ya kwanza kwa sababu kinategemea maneno. Mwenye mwalimu, au kedi (mbeba fimbo) mzoefu wa kumrekebisha mikono, anaweza kuanza nacho.

Ya tatu ni Five Lessons ya bingwa wa gofu Ben Hogan, 1957. Michoro ya Anthony Ravielli bado haijapitwa. Tatizo ni kwamba Hogan alisumbuliwa na mpira unaopinda kushoto, na mshiko wake umepangwa kuuzuia. Wewe unayeanza huenda unasumbuliwa na kinyume chake, na mshiko huo huweza kuuacha uso wa fimbo wazi zaidi, yaani ukitazama kulia. Kinunue baadaye, ukishapiga mapigo ya nusu yaliyonyooka kwa aironi 9, fimbo fupi ya chuma.

Mkiani kabisa ni vitabu vya kuahidi umbali kwa draiva. Uso wa draiva umelala digrii 10 hivi tu, wa aironi 9 digrii 40 hivi. Uso uliosimama namna hiyo hukuza kila kosa la kupinda, kwa hiyo kufukuza umbali mapema ni kununua mipira ya kupoteza vichakani.

Majedwali ya umbali pia yasikutawale. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa vizuri huenda mbali zaidi kwa asilimia 4 au 5. Tena vitabu vya Marekani huhesabu kwa yadi: yadi 150 ni mita 137.

Kuhusu nakala, mtumba unafaa ikiwa kurasa za picha zimetimia, zihesabu. Fotokopi huua picha, vidole vinakuwa doa jeusi na mishale inapotea. Faili la simu ni gumu kusoma juani. Pendelea kitabu kinachokaa wazi kikiwekwa chini, maana mikono yote miwili itakuwa kwenye fimbo. Na kama unapiga kwa mkono wa kushoto, hakikisha maandishi yanasema "mkono wa mbele" (ulio upande wa lengo) na "wa nyuma" badala ya kushoto na kulia.