TAHADHARI: Unga wa kijani unaouzwa kama "kuvu ya kuua wadudu"

Wakulima wa nyanya, vitunguu na mahindi, msitume hela kwanza. Kuna pakiti zisizo na lebo zinazotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kilimo, na nyingine zinatembezwa minadani, kwa majina kama "kuvu asilia" au "Metarhizium ya kienyeji" (Metarhizium ni kuvu inayoua wadudu). Muuzaji anataka alipwe kwa simu, mzigo uje na basi. Anaahidi kantangaze, yule mdudu wa nyanya, kufa siku hiyohiyo na pakiti moja kutosha ekari nzima. Ahadi hiyo ya kwanza peke yake inatosha kumjua ni nani.

Kuvu ya kweli haiui siku hiyohiyo. Spora, yaani mbegu ndogo sana ya kuvu, inamnata mdudu mwilini, inapata unyevu inaota, inatoboa ngozi yake ngumu, kisha inakua ndani na kummaliza. Mpaka afe ni siku 3 hadi 10, wakati mwingine zaidi, kutegemea aina ya mdudu, umri wake na joto la shambani. Siku za mwanzo utamwona bado anatembea, ila hamu ya kula inapungua. Ukipulizia asubuhi na mchana wote wamelala chali, basi umepulizia sumu ya kemikali iliyobandikwa jina la asilia. Hujui ni sumu gani, hujui usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, na huenda ulipulizia bila glavu wala barakoa kwa kuwa uliambiwa haina madhara.

Kuhusu kantangaze kuna uongo mwingine. Kiwavi wake anakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi mbili, na kuvu hizi zinafanya kazi kwa kumgusa mdudu. Spora iliyotua juu ya jani haimfuati huko ndani. Anayekwambia "inapenya mpaka kwenye handaki" anakariri maneno ya dawa za kemikali.

Kuvu zenyewe si uzushi. Agostino Bassi wa Italia alionyesha mwaka 1835 kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri unatokana na kuvu, ile ambayo leo inaitwa Beauveria bassiana. Hapa Tanzania, mwaka 2009, nzige wekundu walipuliziwa Metarhizium kwenye mbuga za Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Sifa hiyo ndiyo matapeli wanayoidandia.

Sasa, kwenye hizo pakiti kunaweza kuwa na nini? Kuna unga wa chokaa au wa muhogo uliotiwa rangi, huo unakula hela yako tu. Kuna Trichoderma, kuvu nyingine ambayo nayo ni ya kijani na ni bidhaa halali kabisa, lakini kazi yake ni kupambana na magonjwa ya mizizi, viwavijeshi haiwashughulishi. Kuna bidhaa halisi iliyokwisha muda, au iliyokaa miezi chini ya bati la duka lenye joto mpaka spora zikafa, kisha ikafungwa upya. Spora ni kiumbe hai: jua kali linaziua kwa saa chache, na joto la ghala linazimaliza polepole bila rangi ya unga kubadilika hata kidogo.

Kinachotisha zaidi ni wali ulioota ukungu. Viwanda hukuzia Metarhizium kwenye mchele uliochemshwa na kuuliwa vijidudu vyote kwa mvuke wenye shinikizo, ndani ya chumba safi, kwa mbegu inayotoka maabara. Mtu akiiga hilo kwa sufuria na mifuko ya nailoni nyuma ya nyumba, ukungu wowote ulioko hewani unaingia. Mmojawapo ni Aspergillus flavus, wenye rangi ya kijani inayoelekea njano, na ndio unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kwa macho, wali wenye Aspergillus na wali wenye Metarhizium vinakaribiana mno kwa mtu asiyezoea. Usiunuse, usiushike kwa mikono mitupu, na usiwape kuku eti usipotee bure.

Wengine wanauza "mbegu ya kuvu" na maelekezo ya kuizalisha mwenyewe kwenye pipa la maji na sukari guru, ununue mara moja utumie maisha. Msidanganyike. Spora ngumu zinazovumilia shambani hutengenezwa juu ya kitu kikavukavu chenye hewa. Ndani ya pipa la maji matamu bakteria na hamira zinatawala kwa siku moja au mbili, na kinachobaki ni togwa chachu. Hata pale maabara inapoikuza kuvu kwenye maji, inapata chembe laini zisizodumu bila utaalamu wa kuzikausha.

Soma namba kwenye pakiti, kama zipo. Lebo ya kweli inataja jina la kuvu, jina la aina yake maalumu, kwa mfano ICIPE 69, idadi ya spora hai kwa gramu au mililita, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namna ya kuitunza. Kuna pakiti ya gramu 100 inayojisifia "spora milioni 1 kwa gramu". Milioni inasikika nyingi, lakini piga hesabu. Kipimo cha kawaida kwa nzige ni gramu 50 za spora tupu kwa hekta, yaani kama trilioni 2.5, ambazo kwa ekari ni takriban trilioni 1. Pakiti ile ina milioni 100. Ungehitaji pakiti 10,000 kwa ekari moja.

Swali moja la kumtega muuzaji: "Naweza kuchanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba moja?" Akikubali haraka, achana naye. Mankozebu na wenzake kazi yao ni kuua kuvu, na hii ni kuvu. Mwenye bidhaa halisi atakwambia hata bomba lenyewe lioshwe vizuri, upulizie kuanzia saa kumi na moja jioni, upate na upande wa chini wa majani, na mchanganyiko usilale mpaka kesho.

Kama tayari umeshanunua, jaribu kabla ya kumwaga shambani. Vaa glavu na barakoa. Chukua viwavi 40 wadogo, 20 wapulizie dawa kwa kipimo ulichopewa, 20 maji matupu, kila kiwavi kwenye kikopo chake chenye tundu la hewa na jani bichi unalobadilisha kila siku, maana viwavijeshi hulana. Weka kivulini. Wanaokufa watumbukize nusu dakika kwenye maji yenye jiki kidogo, wasuuze, kisha waweke kwenye bakuli lenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa na ufunike. Kwa kuvu halisi mzoga unakauka na kuwa mgumu, na baada ya siku 3 hadi 5 ukungu mweupe unachomoza kwenye maungio ya mwili. Wa Metarhizium unageuka kijani, wa Beauveria unabaki mweupe. Mzoga mlaini, mweusi, unaonuka umeoza kwa bakteria. Na wale wa maji matupu wakifa kwa wingi, rudia, jaribio limeharibika. Uhakika kamili unapatikana maabara, kwa darubini, ambako spora zinazoota ndani ya saa 24 zinahesabiwa. Bidhaa nzuri inavuka asilimia 85.

Kabla ya kununua, uliza kama jina limo kwenye orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, au PCPB, bodi ya viuatilifu, kwa walioko Kenya. Aliyekwisha kutapeliwa atunze pakiti ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili, ujumbe wa muamala na picha za tangazo, apeleke kwa afisa ugani au ofisi ya TPHPA. Kwa Tanzania, namba ya simu ya muuzaji iripotiwe 15040 kama za matapeli wengine. Pakiti zilizobaki zisitupwe jalalani ambako kuku na watoto wanachokoa. Ziulizie hapohapo ofisini namna ya kuziteketeza.